Dar hadi Mbeya kwa masikio: podikasti za safari ndefu zinapatikana wapi?

Tulikuwa hatujafika hata Chalinze shangazi alipouliza kutoka kiti cha nyuma: "Hao wanachekea nini? Mbona sisi hawatuambii?"

Kwenye spika walikuwa vijana wawili, na kwa dakika nane nzima walikuwa wakichekea jambo lililowatokea kabla hawajaanza kurekodi. Podikasti yenyewe naipenda. Naisikiliza nikiosha vyombo, na vicheko vyao vinaniambukiza kwa sababu nimewazoea. Shangazi hakuwajua. Kwake ilikuwa kama kuketi na watu wanaozungumza kwa kukonyezana. Na mbele yetu zilikuwa zimebaki kilomita zaidi ya 700 kufika Mbeya. Nikazima, tukasikiliza mlio wa tairi hadi Morogoro.

Inakuwaje mtu mwenye simu iliyojaa podikasti akose cha kusikiliza barabarani? Wengi wana jibu la haraka: za Kiswahili hakuna. Si kweli. Zipo, ila zimejificha, na namna zilivyojificha inaeleweka ukishajua podikasti ni kitu gani hasa.

Podikasti haikai ndani ya programu ya simu. Mtengenezaji anarekodi sauti, analipandisha faili lake kwenye kampuni inayohifadhi vitu hivyo, kisha inaandikwa orodha: kipindi cha kwanza kiko anwani hii, cha pili kiko ile, jina lake hili, maelezo yake haya. Orodha hiyo ndiyo mlisho wa RSS, na kwa kawaida iko wazi kwa yeyote. Programu yako, iwe Apple Podcasts, Pocket Casts au AntennaPod, kazi yake ni kwenda kuichungulia orodha kila baada ya muda na kurudi na habari kwamba kuna kipya. Ni muuza magazeti. Gazeti si lake.

Utaratibu huu ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Dave Winer, mtengeneza programu wa Marekani, aliipa RSS nafasi ya kubeba faili la sauti. Adam Curry, aliyekuwa mtangazaji wa MTV, akaisukuma hadi sauti ikaweza kuingia yenyewe kwenye iPod wakati mwenye nayo amelala. Jina nalo lilichapishwa Februari 2004 katika makala ya Ben Hammersley kwenye gazeti la The Guardian la Uingereza. Alikuwa akijiuliza kitu hiki kipya kiitweje, akatupia maneno matatu, na moja ndilo lililoshika. Juni 2005 Apple ikaziingiza podikasti ndani ya iTunes, na kuanzia hapo hazikuwa tena mchezo wa mafundi wa kompyuta.

Nimeirudia historia hii kwa sababu ina faida ya mfukoni. Google ilipoifunga programu yake ya podikasti mwaka 2024, nilisikia watu wakilia kwamba podikasti zao zimepotea. Hakuna kilichopotea. Muuza magazeti mmoja alifunga kibanda, magazeti yakaendelea kuchapwa. Ukihama programu, milisho ile ile inakufuata, na programu nyingi zinakuruhusu kutoa orodha ya zote unazozifuata kama faili moja dogo na kuliingiza kwingine.

Sasa, kwetu kuna fundo la ziada. Tanzania mtu akisema "nimetazama podikasti" (na kweli husema nimetazama) mara nyingi ana maana ya watu wawili wenye maikrofoni kubwa mbele ya midomo, kwenye YouTube. Podikasti nyingi za Kiswahili zinaanzia hapo na nyingine zinaishia hapo hapo. Hazina mlisho. Ukizitafuta kwenye programu ya podikasti hutaziona hata uandike jina kwa usahihi wote, nawe utaondoka ukisema hakuna kitu. Ukiamua kuzisikiliza hivyo hivyo njiani, utagundua kwamba bila kulipia, skrini ikizimika na sauti inakatika, halafu picha usizozitazama zinakula bando. Saa moja ya sauti ya kawaida ya kilobiti 64 kwa sekunde ni kama MB 29. Ikiwa ya kilobiti 128 ni kama MB 58. Video ya saa hiyo hiyo ni mara kadhaa ya hapo, hata ukiipunguza ubora. Kwa hiyo ukiipenda podikasti ya YouTube, fungua maelezo yaliyo chini ya video kabla ya safari. Wengine wameweka humo viungo vya Spotify au Apple ambavyo hawavitaji kamwe kwa mdomo.

Tuje kwenye kutafuta kwenyewe. Programu nyingi hutafuta ndani ya jina la podikasti, jina la mtangazaji na maelezo yaliyoandikwa. Kilichosemwa ndani hazikisikii. Chukua mzee anayesimulia kwa saa nzima jinsi alivyofanya kazi kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA miaka ya sabini. Kipindi cha namna hiyo kingefaa kuliko vyote ukiwa Makambako, reli ile ile ikiwa kando yako. Lakini aliyekipandisha amekipa jina la "EP 14 REAL TALK" na kwenye maelezo ameweka nembo tatu za moto na namba ya matangazo. Andika "TAZARA" kwenye kisanduku cha kutafutia: hakitokei. Andika "reli": hakitokei. Kipo, na hakuna mashine itakayokuonyesha.

Zipo mashine zinazojifunza kusikia, lakini zimeanzia kwa wenzetu. Apple ilipoleta maandishi ya kila kinachosemwa mwaka 2024, ilianza na Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Kwenye mlisho wenyewe pia kuna sehemu ya kutaja lugha, na mtengenezaji ndiye anayeijaza. Asipoijali, kipindi cha Kiswahili fasaha kinasajiliwa kama cha Kiingereza, nawe ukichuja kwa lugha unakichuja na chenyewe. Orodha za "zinazovuma" nazo hupangwa kwa nchi. Kama akaunti ya simu yako ilifunguliwa kwa nchi nyingine, kama simu nyingi za mkono wa pili, unaonyeshwa yanayovuma Marekani huku ukishangaa kwa nini hakuna hata moja inayokuhusu.

Njia iliyonifaa ni kuacha kutafuta mada na kuanza kutafuta watu. Mtu anayezungumza vizuri haalikwi studio moja tu. Ukimsikia mwanahistoria, kocha, mkunga au mwanamuziki wa zamani anayejua kusimulia, chukua jina lake, liandike kwenye kisanduku, na uangalie vipindi, maana majina ya podikasti hayatakusaidia. Jina la mgeni ndilo kitu ambacho hata mtengenezaji mvivu hulitaja kwenye kichwa cha kipindi, kwa sababu ndilo linalomletea wasikilizaji. Mahojiano ya Salama Jabir, kwa mfano, yanabeba jina la mgeni ndani ya jina la kipindi: Salama Na fulani. Kamata mgeni mmoja mzuri humo, fuata nyayo zake hadi studio nyingine, huko utakutana na mtangazaji usiyemjua, naye ana wageni wake. Listen Notes, ambayo ni injini ya kutafutia podikasti tu, inarahisisha kazi hii kwa kuwa inatafuta hadi ngazi ya kipindi kimoja kimoja.

Jaribu pia maneno ambayo watu huyatumia wenyewe: simulizi, visa, mahojiano, maongezi, kumbukumbu. Na uandike "Swahili" siku nyingine, si "Kiswahili" tu.

Kuna hazina nyingine ambayo vijana wanaipita kwa sababu inawakumbusha redio ya babu. BBC imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1957, DW ya Ujerumani tangu 1963, na Umoja wa Mataifa una idhaa yake ya Kiswahili. Wote wanaweka sauti zao mtandaoni. Taarifa za habari sizipendekezi kwa safari, zinachacha haraka. Lakini hawa wana vitu visivyochacha. DW walianza mwaka 2008 mfululizo wa michezo ya kuigiza wa Noa Bongo, uliotengenezwa kwa vijana wa Afrika, na mchezo wa kuigiza wenye vipande vifupi unawanyamazisha watoto wa kiti cha nyuma kuliko simu. Idhaa ya Umoja wa Mataifa imekuwa na kipengele cha Neno la Wiki, ambamo wataalamu wa lugha, wakiwemo wa BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wanachambua neno au methali kwa dakika chache. Nilikiweka safari iliyofuata, nikijua shangazi ni mtu wa maneno. Kipengele kikaisha, ubishi ukaendelea kwa kilomita 40, na shangazi hakukubaliana na mtaalamu hata kidogo.

Si ajabu kwamba wazee wanaelewana na sauti za watu wa redio. Mtangazaji wa redio amefundishwa kwamba msikilizaji haoni, na huenda amefungua redio sasa hivi. Kwa hiyo anamtaja tena mgeni kila baada ya dakika kadhaa, anaeleza wako wapi, na kitu kikianguka studio anasema kimeanguka. Aliyekulia kwenye video anasema "ona hii" na kucheka. Barabarani tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya mada. Ndipo nikapata kipimo ninachokiita cha shangazi. Nasikiliza dakika tatu za mwanzo: nimejua nani anaongea, na kuhusu nini? Kisha naruka hadi dakika ya 20: mtu aliyekuwa amesinzia anaweza kuzinduka hapa akaelewa? Podikasti nyingi ninazozipenda zimefeli. Ninaendelea kuzipenda, ila nyumbani.

Nairobi uwanja ni mpana zaidi, na ndiko ilikozaliwa Siku ya Podikasti Afrika ya tarehe 12 Februari. Legally Clueless ya Adelle Onyango, iliyoanza 2019, inakusanya visa vya watu wa kawaida vinavyosimuliwa na wenyewe, na kusimulia kwa namna hiyo kunafaa sana njiani. Ila Kiingereza ni kingi, na kwingineko Sheng inakwenda kasi ambayo mimi mtu wa Dar inanipita kwenye kona. Pima abiria wako.

Ukishapata, bado hujasikia. Magari yetu mengi yametoka Japani, na redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya 76 hadi 90, wakati stesheni zetu ziko 88 hadi 108. Ndiyo maana fundi hufunga kile kifaa cha kuongeza masafa, na ndiyo maana namba inayosomeka kwenye dashibodi yako si ile anayoitaja mtangazaji. Sasa mtu ananunua kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara kinachorusha sauti ya simu kwa FM. Kidude kinaanzia 87.5, redio inaishia 90. Kama huna kifaa cha kuongeza masafa, umebakiwa na kichochoro cha namba mbili na nusu, na Dar kichochoro hicho kina wenyewe: Clouds peke yake iko 88.5. Ukikipatia nafasi Kibaha, Morogoro stesheni nyingine inakuingilia. Kabla ya kununua kidude hicho, tazama kama redio ina tundu la AUX. Waya wa bei ya chai na chapati unamaliza ugomvi wote.

Halafu kelele. Tairi, upepo na injini vinameza sauti nzito na za chini. Podikasti iliyorekodiwa kwa maikrofoni moja, mwenyeji karibu na mgeni mbali, nyumbani inavumilika. Kwa kilomita 80 kwa saa unaongeza sauti umsikie mgeni, mwenyeji anakupasua masikio. Mimi huzijaribu jikoni vitunguu vikikaangwa. Nikilazimika kusogea karibu na simu ili nisikie, hiyo hainipeleki Mbeya.

Kupakua ni jambo la usiku wa kuamkia safari, kwa Wi-Fi au bando la usiku. Spotify inaruhusu kupakua podikasti hata kwa asiyelipia. AntennaPod ni ya bure, haina matangazo wala akaunti. Hakikisho ni moja tu: weka simu kwenye hali ya ndege, kisha cheza kila kipindi sekunde tano. Nimewahi kuona alama ya kijani nikaamini, mtandao ukakata njiani, nikabaki na picha ya jalada. Na kama ni hadithi ya mfululizo, angalia mpangilio. Programu nyingi huweka kipya juu, na kwa hadithi kipya ndicho cha mwisho. Tuliwahi kuanza kisa cha mauaji, na dakika ya nne muuaji akahukumiwa. Kimya kilichofuata ndani ya gari sitaki kukikumbuka.

Barabara nayo ina maoni yake. Dar hadi Chalinze ni foleni, malori na tochi za trafiki. Akili haina nafasi, weka maongezi mepesi ambayo ukiyakosa nusu hujakosa kitu. Barabara inapokatiza hifadhi ya Mikumi, kwa kilomita kama 50, watoto wote wanatazama nje, na wewe unawatazama nyani na twiga kwa sababu mnyama ukimgonga ana bei yake iliyopangwa. Hapo muziki wa chini unatosha. Bonde la mibuyu la Ruaha Mbuyuni ni zuri kwa simulizi ndefu.

Ukifika Kitonga, zima. Mlima ule una kona zilizojikunja, semi zinazopanda kwa mwendo wa mtu, na nyingine zimekufa katikati ya njia. Siku moja nilikuwa nimezama kwenye kisa cha mtu aliyepotea baharini, nikashtukia niko nyuma ya lori bila kumbukumbu ya kona mbili zilizopita. Macho yalikuwa barabarani, mimi nilikuwa majini. Simulizi nzuri hufanya hivyo, ndiyo kazi yake, na kwa sababu hiyo hiyo haifai hapo. Baada ya Iringa barabara inanyooka kupita Mafinga, na huko ndiko ninakowekea kilicho bora: mahojiano ya saa mbili, historia, hadithi yenye sura nyingi. Usingizi ukija, usiipe podikasti kazi hiyo. Haiuwezi. Paki sehemu salama ulale dakika 20.

Makambako, sheli, safari ya mwisho. Nimesimama kujaza mafuta, kwenye lori la jirani spika inatoa sauti ya mzee akisimulia jinsi jahazi lao lilivyokwama kwenye mwamba karibu na Pangani, taratibu, kila baharia ana jina na tabia. Nikamuuliza dereva ni podikasti gani. Akacheka. "Podikasti ndiyo nini? Hii flashi." Aliinakili kwa mwenzake Tunduma, mwenzake kwa mwingine. Akanipa ninakili kwenye kompyuta yangu palepale, tukiwa tumeegemea bampa.

Ni mafaili 31. Yameandikwa 001 hadi 031. Hayana jina la msimulizi, hayana mwaka, sehemu zote za maelezo ni tupu. Nimejaribu jina la jahazi, jina la nahodha, jina la mwamba. Nimejaribu kwa herufi tofauti. Shangazi ameyasikiliza yote mara mbili, anasema Kiswahili kile ni cha mtu wa Mtang'ata, pwani ya Tanga, na kwamba 017 imekatwa kabla haijaisha.